Uzi wa jazi ya bendi kubwa: msikilize aliyekaa kwenye kiti, mwache aliyesimama mbele

#1 Tromboni la Mbagala

Wakuu, habari za jioni. Nimekuwa msomaji wa kimya hapa jukwaani kwa muda mrefu, leo nimeamua kufungua uzi wangu. Ni mrefu, kwa hiyo anayetaka aagize chai kabisa.

Mimi ni mpiga matarumbeta. Wale jamaa mnaowaona juu ya gari Jumamosi jioni wakimsindikiza bibi harusi ukumbini, mashati meupe yamelowa jasho, foleni haisogei na wimbo umerudiwa mara 6, ndio sisi. Napiga tromboni. Na kwenye matarumbeta mpiga tromboni hana jina. Watu wanamtazama jamaa wa tarumbeta aliye mbele, anayekata kiuno huku anapuliza, na noti za kutunzwa zinabandikwa kwenye paji la uso wake. Sisi wa nyuma tunajaza tu sauti.

Sasa, jirani yangu ni fundi redio. Siku moja alinipa flashi ina nyimbo za kizamani ambazo mteja alimwachia na hakurudi. Hazikuwa na majina, namba tupu. Nikaziweka kwenye spika nikiwa nafua. Namba 7 ilipoanza nikaacha kufua. Kulikuwa na mtu anaongea ndani ya tromboni. Sisemi anaimba, namaanisha anaongea: "ya, yaa, ya-ya", kama mtoto anayekataa uji, halafu kama mzee anayelalamika mlangoni. Povu likanikaukia mikononi.

Ilinichukua wiki kadhaa kujua ni nani. Nikaambiwa "hiyo ni Duke Ellington". Lakini Ellington alikuwa mpiga piano! Yule anayeongea ni nani? Hapo ndipo uzi huu ulipozaliwa. Jamaa ni Joe Nanton, waliyemwita "Tricky Sam", mtoto wa New York, kwenye bendi ya Ellington tangu 1926 hadi alipofariki 1946 wakiwa ziarani. Miaka 20 kwenye kiti kilekile.

Alichokuwa anafanya ni hiki. Anaingiza kizibo kidogo cha tarumbeta ndani ya mdomo wa tromboni, halafu mkono wa kushoto unashika mpira wa kuzibulia sinki, ule mwekundu wa dukani, ila bila mpini. Akiufungua na kuufunga mbele ya mdomo wa tromboni, irabu zinabadilika kama zinavyobadilika kinywani mwako ukisema "waa-wuu". Aliyemfungulia njia kwenye bendi hiyo ni mpiga tarumbeta Bubber Miley, bingwa wa kuunguruma, ambaye kifua kikuu kilimuua 1932 akiwa na miaka 29.

Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi, nikanunua huo mpira, nikang'oa mpini. Mke wangu akanikuta sebuleni na tromboni na kifaa cha chooni. Aliniuliza swali moja tu: "Ni mpya?" Ni mpya, nikamwambia. Akaendelea na shughuli zake. Matokeo ya siku ya kwanza: bata mwenye mafua. Tutarudi huko.

Wimbo wenyewe ni "Ko-Ko", umerekodiwa Chicago tarehe 6 Machi 1940, haufiki hata dakika 3. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 ulikuwa haubebi zaidi ya dakika 3 na ushei, kwa hiyo hawa watu walikuwa wanaandika kama mtu anayetuma simu ya maandishi ya kulipia kila neno. Sikilizeni hivi: mwanzo kabisa kuna saksafoni ya baritoni imeshika noti moja ya chini, haitoki, na ngoma zinapiga chini yake. Huyo wa baritoni ni Harry Carney. Halafu tromboni ya valvu, ile ya vitufe badala ya kuvuta, inatoa mwito, saksafoni zinaitikia. Mwenye mwito ni Juan Tizol, Mpuertoriko, ndiye aliyeleta wimbo wa "Caravan". Kisha Nanton anaingia na mpira wake, raundi mbili za bluzi, yaani anauzunguka wimbo mwanzo hadi mwisho mara mbili. Kisha piano ya Ellington inakwaruza. Kisha bendi nzima inanyamaza kidogo kidogo ili besi ipite peke yake, na besi ni Jimmy Blanton, kijana wa miaka 21.

Majina matano ndani ya dakika 3, na kwenye santuri limeandikwa moja kubwa.

Kanuni ya uzi: hapa kiongozi tunamsalimia tu, kisha tunapita kwenda kwa waliokaa.

#2 Kigodoro

Nimeweka kambi. Tiririka mkuu.

#3 sautiyapili_Arusha

Kaka umenigusa. Mimi naimba kwaya, sauti ya pili. Nikiimba peke yangu nyumbani watu wananiuliza "huo wimbo gani?" maana sauti ya pili ikiwa peke yake haitambuliki. Nimetafuta hiyo Ko-Ko nikaisikiliza na spika za masikioni. Ile sehemu ya saksafoni kuitikia ni kwaya kabisa, ila kuna kitu kwenye sauti zao kinanichanganya, kama vile mpangilio umepinda. Unaweza kueleza?

#4 Tromboni la Mbagala

Dada yangu, una sikio. Kwa jibu zuri usianzie Ko-Ko, anzia "Mood Indigo" ya mwaka 1930. Mwanzo wake kuna watu watatu tu: Arthur Whetsel kwenye tarumbeta iliyozibwa, Nanton kwenye tromboni iliyozibwa, Barney Bigard kwenye klarineti. Kwa desturi ya New Orleans klarineti inaruka juu, tarumbeta inashika wimbo katikati, tromboni inakaa chini. Ellington akapindua: tromboni akaipandisha juu kabisa, karibu na tarumbeta, na klarineti akaishusha shimoni, noti zake za chini kabisa. Ni kama mwalimu wenu wa kwaya ampandishe mtu wa besi aimbe sambamba na sauti ya kwanza, kwa kunong'ona, halafu mtoto wa soprano ashushwe chini ya wote.

Kila mmoja yuko mahali pasipo pake. Ndiyo maana unasikia kama kuna ala ya nne ambayo haipo.

Na hili haliwezekani kwa "mpiga klarineti yeyote". Ellington hakuwa anaandika "tromboni ya kwanza", alikuwa anamwandikia Nanton. Alijua Nanton hawezi nini na akakwepa, alijua anaweza nini na akamwachia uwanja. Alichokuwa anakiongoza hasa ni watu.

#5 Mzee wa Rithimu

Vijana, hamjambo. Nimeitwa na mjukuu wangu nije nione uzi huu.

Nimefurahi, ila mnanipeleka kanisani wakati mimi nataka kwenda dansini. Ellington ni fundi, sikatai. Lakini jazi ni mguu. Kama mguu hautikisiki, hayo mengine ni mahubiri. Mtajeni Count Basie.

#6 Tromboni la Mbagala

Shikamoo mzee wangu. Basie alikuwa kwenye foleni, nilikuwa nakuja naye.

#7 Mzee wa Rithimu

Marahaba. Basi nianze mimi, kijana, maana hili linanihusu.

Nilipiga gitaa la rithimu kwenye bendi ya dansi kwa miaka 11, mikoani. Bendi siitaji, wengine bado wanadaiwa na wengine bado tunawadai. Ukiwa mpiga rithimu, wewe ni nguzo ya nyumba: hakuna mgeni aliyewahi kuisifia nguzo. Solo anashangiliwa, mwimbaji anatunzwa, wewe unakwangua tu usiku kucha hadi kidole kinatoka sugu kama cha mkulima. Siku nikiumwa ndipo walipojua nilikuwepo. Wachezaji walikuwa wanarudi mezani wenyewe bila kujua kwa nini.

Sasa katika bendi ya Basie kulikuwa na Freddie Green. Aliingia 1937, akakaa hadi kifo chake 1987. Miaka 50! Basie mwenyewe alifariki 1984, Green akabaki na bendi. Na miaka yote hiyo gitaa lake halikuwa na umeme, na karibu hapigi solo kabisa. Mapigo manne kwa kila kipimo, tini-tini-tini-tini. Kwenye rekodi nyingine humsikii kama noti, unasikia tu kwamba ngoma zina ladha. Mtu wa pembeni akija na kaseti yangu anasema "mzee, hapa hakuna gitaa". Nikamwambia lipo, wewe limekuingia tumboni badala ya sikioni.

Inasimuliwa kwamba 1950 Basie alipovunja bendi kubwa kwa ukata na kubaki na kikundi kidogo, Green hakuwekwa. Jamaa akaja mwenyewe na gitaa, akakaa kwenye kiti, akaanza kukwangua. Hakuna aliyethubutu kumwuliza. Hao ndio watu.

#8 Kigodoro

Mzee nakupigia saluti 😂😂 "wengine bado tunawadai"

#9 Tromboni la Mbagala

Mzee umemaliza, niongezee tu lililobaki. Hiyo safu ya Basie ilikuwa ya watu wanne: Basie piano, Green gitaa, Walter Page besi, Jo Jones ngoma. Kabla ya hapo wapiga ngoma wengi walibeba mwendo kwenye ngoma kubwa ya mguu, dumu dumu dumu. Jo Jones akauhamishia juu kwenye yale matasa mawili yanayofunguka na kufunga kwa mguu. Chini akaacha peupe, besi ya Page ikapata nafasi ya kutembea. Mzee wa Rithimu ukicheza muziki wao unaona sakafu imelainika, chanzo ni hicho.

Chimbuko lao ni Kansas City, mji uliokuwa na vilabu visivyofungwa usiku kucha. Basie alitoka New Jersey, akaishia huko kwenye bendi ya Bennie Moten. Moten akafariki 1935 kwenye upasuaji wa tezi za koo, Basie akakusanya waliobaki na kupiga Reno Club. Mara nyingi muziki haukuandikwa kabisa: mmoja anapiga kipande, safu yake inakidaka, safu ya pili inatafuta cha kujibu, wakikipenda wanakikariri. "One O'Clock Jump" ya Julai 1937 ilizaliwa hivyo hivyo.

Klabu ilikuwa inarushwa na redio ndogo ya huko, na John Hammond, mtu wa santuri, akaidaka Chicago kwenye redio ya gari lake usiku. Akafunga safari kwenda kuwatafuta. Lakini kampuni ya santuri ya Decca ikamtangulia. Mkataba waliompa Basie: pande 24 za santuri kwa dola 750, na mrabaha sifuri. Basie akasaini. Kwa hiyo "One O'Clock Jump", iliyokuwa wimbo wa kumtambulisha maisha yake yote, upande wa mauzo ya santuri ile haikumrudishia kitu.

Hammond kwa hasira akafanya ujanja. Mwishoni mwa 1936 aliwaingiza wachache wao studio Chicago na kuwapa jina la kubuni, Jones-Smith Incorporated, kwa sababu jina la Basie lilikuwa tayari limeuzwa. Hizo ndizo rekodi za kwanza za Lester Young kwenye saksafoni ya tena. Sikiliza "Oh, Lady Be Good". Wakati huo kila mpiga tena alitaka sauti nene ya Coleman Hawkins, mzito kama mlango wa benki. Lester anakuja mwepesi, kama anakusimulia kitu huku anaangalia pembeni. Na kwenye bendi ya Basie walimkalisha mwisho mmoja wa safu, mwisho wa pili wakamweka Herschel Evans mwenye sauti nene, ili wapambane kila usiku. Evans akafariki 1939 akiwa bado hajatimiza 30.

#10 Mtu wa Madeni

Dola 750 pande 24 bila mrabaha. Kumbe msanii kuibiwa ni kazi ya urithi.

#11 sautiyapili_Arusha

Swali la mjinga: kama hizi ndizo jazi, zile bendi zetu zilizoitwa Jazz zilikuwa nini? Baba alikuwa na santuri za Morogoro Jazz na O.K. Jazz, hazifanani hata kidogo na hivi.

#12 Mzee wa Rithimu

Binti yangu, hilo si la mjinga, limewatoa jasho wengi.

Dar es Salaam Jazz Band ilianza 1932, Morogoro Jazz 1944. O.K. Jazz ya Franco ilizaliwa Léopoldville 1956. Neno "Jazz" kwetu lilikuwa kama kuandika "Modern" kwenye bango la kinyozi: maana yake tuna ala za kizungu, tunapiga dansi ya mjini, njoo umevaa viatu. Lakini kilichotushika masikio ni Cuba. Santuri za GV, zile za muziki wa Cuba, ziliingia na meli, tukazikariri bila kujua Kihispania. Basi jina la Marekani, mwendo wa Havana, maneno ya Kiswahili au Kilingala. Sisi hatukuona tatizo.

Ila kitu kimoja tulikichukua: kupanga safu. Saksafoni zikae pamoja, tarumbeta zijibu. Hiyo ni bendi kubwa, hata kama sisi tulikuwa na saksafoni mbili na moja imefungwa kwa mpira wa baiskeli.

#13 Tromboni la Mbagala

Mpira wa baiskeli bado tunautumia mzee, haujapitwa na wakati.

Niseme kidogo kuhusu wengine ili nisilaumiwe. Fletcher Henderson: mtu wa Georgia mwenye shahada ya kemia, alikuja New York 1920 kutafuta kazi ya kemia, akaishia na bendi. Huyu na mpangaji wake Don Redman ndio waliochonga kiunzi ambacho wote wanatumia: safu ya shaba (tarumbeta na tromboni) huku, safu ya saksafoni kule, zikipigiana mwito na jibu, na mpiga solo katikati. Louis Armstrong alikaa kwenye viti vyake kuanzia 1924. Bendi ikayumba kifedha, Henderson akamuuzia Benny Goodman mipangilio yake, na Agosti 1935 pale ukumbi wa Palomar, Los Angeles, vijana wa kizungu wakapagawa nayo. Goodman akaitwa Mfalme wa Swingi. Kwa haki, Goodman hakuficha alikoitoa, na aliwapandisha jukwaani Teddy Wilson na Lionel Hampton wakati weusi na weupe kupiga pamoja mbele ya watu lilikuwa jambo zito. Lakini mfalme amevaa koti la mtu.

Chick Webb: mpiga ngoma wa ukumbi wa dansi wa Savoy, Harlem, mtaa wa weusi New York. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kilimwacha mfupi mwenye kibiongo, na alipiga kama ana mikono minne. Mei 1937 Goodman akaenda Savoy na mpiga ngoma wake Gene Krupa kushindana naye. Krupa mwenyewe alikubali kwamba amechapwa. Webb akafariki 1939, na mwimbaji wake Ella Fitzgerald akabaki na bendi.

Glenn Miller mnamjua, kila filamu ya vita inampiga. Safi, imenyooshwa pasi. Mimi inanipa usingizi, mnisamehe.

#14 Kigodoro

Mkuu usimguse Glenn Miller, "In the Mood" ndiyo ringtone yangu.

#15 Tromboni la Mbagala

Ndiyo maana simu yako hupokei.

Haya, turudi kwa waliokaa. Kuna mmoja ambaye hata kiti hakuwa nacho: Billy Strayhorn. Aliingia kwa Ellington 1939 kama mtunzi na mpangaji. Mfupi, mpole, miwani. Ellington alimpa maelekezo ya kufika kwake Harlem, kwamba apande treni ya A. Kijana akatunga wimbo juu ya maelekezo ya njia! Halafu mwenyewe akaudharau, akaona unafanana mno na mambo ya Henderson. Mercer, mwana wa Ellington, alisema aliuokota kwenye takataka.

Ungebaki kwenye takataka kama siyo ugomvi wa mirabaha. Chama cha watunzi, ASCAP, kilitaka redio zilipe zaidi. Redio zikagoma: kuanzia tarehe 1 Januari 1941 wimbo wa mwanachama wa ASCAP haupigwi hewani. Ellington alikuwa mwanachama. Yaani kazi zake zote, za zaidi ya miaka 15, zikafungiwa kabatini usiku mmoja, na bendi ina mkataba wa kusikika redioni. Nani hakuwa mwanachama? Strayhorn na Mercer. Wakakaa wakaandika kitabu kizima kipya cha nyimbo za bendi kwa haraka. Tarehe 15 Februari 1941 wakarekodi "Take the 'A' Train", na ndiyo ikawa salamu ya bendi hadi Ellington anaingia kaburini. Mamilioni ya watu wanaamini aliitunga yeye.

Solo ya tarumbeta pale ni ya Ray Nance, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia kujaza kiti cha Cootie Williams. Isikilize mara mbili halafu uimbe. Utaweza. Ni chache sana solo ambazo mtu asiyepuliza chochote anaweza kuziimba kichwani kama wimbo.

Na yule kijana wa besi, Blanton? Kabla yake kazi ya besi ilikuwa karibu kushika mwendo tu. Yeye akaifanya izungumze sentensi. Aliingia 1939, kifua kikuu kikamtoa 1941, Julai 1942 akafariki na miaka 23. Kila mpiga besi wa jazi unayemsikia leo anatembea kwenye shamba alilolilima kijana huyo kwa miaka miwili.

#16 Mtu wa Madeni

Kifua kikuu kimewamaliza hawa watu. Ni wa tatu huyo.

#17 Mzee wa Rithimu

Vilabu vya chini ya ardhi, moshi, basi la usiku, vyumba vya baridi walivyobaguliwa humo. Si ajabu.

#18 sautiyapili_Arusha

Nimevumilia tangu juu. Wanawake wako wapi? Ella ametajwa kwa mstari mmoja. Na msiniambie waimbaji tu.

#19 Tromboni la Mbagala

Dada nilikuwa nakuwekea mwishoni kwa makusudi. Nipe dakika nimalize Newport kwanza.

Tarehe 7 Julai 1956, usiku mwingi, tamasha la jazi la Newport, Marekani. Bendi kubwa zimekwisha kufa: vita, mgomo wa wanamuziki kurekodi ulioanza Agosti 1942 na kuendelea kwa makampuni makubwa hadi 1944, kodi ya kumbi za dansi, petroli, halafu watu wakahamia kwa waimbaji. Ellington anaonekana kama mzee wa makumbusho. Watu wameanza kutafuta magari yao. Anaita kipande chake cha 1937 chenye sehemu mbili, na katikati anamwachia mpiga tena Paul Gonsalves apige atakavyo.

Gonsalves, wakuu, wazazi wake walitoka Cape Verde, visiwa vyetu vya magharibi huko. Akaanza raundi za bluzi. 5. 10. Mwanamke mmoja mwenye gauni jeusi akainuka kwenye viti vya wakubwa akaanza kucheza. Jo Jones wetu wa Basie yuko pembeni ya jukwaa anapigapiga gazeti lililokunjwa kuwachochea. 20. Watu wamesimama juu ya viti. Alipiga raundi 27.

Sasa kasheshe. Jukwaani kulikuwa na maiki za Columbia, kampuni ya santuri, na maiki ya redio ya Sauti ya Amerika. Gonsalves kwa furaha zake akasimama mbele ya maiki isiyo yake. Solo kubwa kuliko zote za maisha yake, na kwenye kanda ya kampuni inasikika kama mtu anapiga chumba cha pili! Baadhi ya vipande vingine vya usiku ule wakavirudia studio na kuvipachika makofi. Santuri ikatoka hivyo, ikauzwa kuliko zote za Ellington. Baadaye kanda ya Sauti ya Amerika ikapatikana, wakaiunganisha na ile ya Columbia, na mwaka 1999 ndipo ulimwengu ukamsikia Gonsalves amesimama mbele, mahali alipokuwa kweli.

Miaka 43 kusubiri kusikika vizuri, kwa kukosea maiki.

Mei 1974 akafariki London. Siku 9 baadaye akafariki Ellington. Oktoba mwaka huo huo akafariki Harry Carney, yule wa noti moja ya chini kwenye Ko-Ko, aliyeingia kwenye bendi 1927 akiwa na miaka 17 na hakutoka tena. Alikuwa pia ndiye anayemwendesha Ellington kwenye gari lake kutoka mji hadi mji.

#20 Tromboni la Mbagala

Sasa dada, shika kiti.

Mary Lou Williams: piano na mpangaji wa bendi ya Andy Kirk huko huko Kansas City. Bendi ya Kirk ukiisikiliza, kinachokuvutia ni kalamu yake. Goodman naye alimpa kazi ya kumwandikia mipangilio. Halafu kulikuwa na International Sweethearts of Rhythm, bendi kubwa ya wasichana watupu iliyoanzia shule ya Piney Woods, Mississippi, 1937.

Lakini wangu ni mwingine, na ni mtu wa tromboni. Melba Liston, mzaliwa wa Kansas City, 1926. Alikaa kwenye safu ya tromboni ya bendi ya mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie, akawa naye hata kwenye ziara ya 1956 iliyolipiwa na serikali ya Marekani. Safu ya wanaume, mwanamke mmoja, na baadhi ya karatasi wanazosoma kaziandika yeye.

Novemba 1960 mpiga piano Randy Weston aliingia studio New York na kundi kubwa. Max Roach yumo kwenye ngoma, Clark Terry na Freddie Hubbard kwenye tarumbeta, Yusef Lateef, Babatunde Olatunji wa Nigeria, Candido wa Cuba na tumba zake. Mipangilio yote ni ya Melba. Kampuni ni ileile ya Roulette iliyotoa santuri ya Basie yenye wingu la bomu la atomiki kwenye jalada. Mwaka ule nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Na jina la kazi hiyo, wakuu, halihitaji mkalimani: "Uhuru Afrika".

Inaanza na ngoma. Kisha anaingia mtu anasoma shairi lililoandikwa na Langston Hughes, mshairi mweusi wa Marekani. Analisoma kwa Kiswahili. Weston alitaka lugha ya Kiafrika isikike, na iliyochaguliwa ni yetu. Msomaji ni Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, mwaka mmoja kabla bendera yetu haijapanda. Afrika Kusini ya makaburu waliipiga marufuku santuri hiyo.

Kipande cha mwisho kinaitwa "Kucheza Blues". Kucheza!

#21 Mzee wa Rithimu

Kijana, unaniambia mambo haya nikiwa na miaka 78? Nilikuwa wapi?

#22 Tromboni la Mbagala

Ulikuwa unakwangua rithimu mzee wangu.

#23 sautiyapili_Arusha

Nimeisikiliza. Nimeirudia mara nne pale mwanzo. Ile lafudhi! Sauti ya mtu wa zamani, anatamka kila silabi kama anaipanga mezani. Nilikuwa nasonga ugali, nikageuka kutazama mlangoni nikidhani kuna mgeni ameingia.

Halafu baada ya maneno nikaanza kutafuta tromboni. Zinakaa chini ya wimbo, hazijionyeshi, ila ukizitoa kila kitu kinaanguka. Sauti ya pili kabisa. Nimejua ni mwanamke aliyeziandika, au nimejidanganya baada ya kuambiwa?

#24 Kigodoro

Mkuu na ule mpira wa sinki uliishia wapi?

#25 Tromboni la Mbagala

Dada, ungeambiwa au usiambiwe, umesikia.

Kigodoro, mpira upo. Jumamosi iliyopita nilikwenda nao kazini, nimeuficha ndani ya koti. Foleni imesimama, jamaa wa mbele anajifuta jasho, nikapata nafasi ya kama nusu dakika. Nikapiga "ya, yaa, ya-ya". Dereva wa bajaji iliyokuwa ubavuni akazima injini, akatoa kichwa nje, akamwuliza abiria wake: "Nani analalamika humo?"

Bibi harusi akacheka hadi shela ikakaa upande. Sikutunzwa hata mia.